Picha Moja Niliyoifuta

Nilifanya kosa kwenye kompyuta, mwanamke mmoja akaadhibiwa kwa kosa hilo, na mimi nikakaa kando nikimtazama anavyoadhibiwa. Hayo ndiyo yote. Yaliyobaki ni maelezo, na maelezo ya mtu mwenye hatia huwa marefu, kwa hiyo mnivumilie.

Sikuja Garissa kwa kupenda. Nimezaliwa mlimani, kwenye majani chai na matope, na nilipopata kazi huku mama alilia kana kwamba naenda vitani. Shirika lililoniajiri lilikuwa dogo, vyumba vitatu na feni mbili, moja ikizunguka na moja ikitazama. Lilishughulika na mifugo. Mimi, ambaye kwetu tulikuwa na ng'ombe wawili tu, nilipewa kazi ya kuandika miongozo ya kuwasomesha watu mambo ya ngamia. Sikuona ajabu yoyote katika hilo. Nilikuwa na shahada.

Mwongozo ulionifikisha hapa ulihusu chapa. Wafugaji wa huku humchoma ngamia kwa chuma cha moto, shingoni, shavuni au pajani, na ule mchoro humwambia mwenyeji kwamba ngamia huyu ni wa ukoo upi na familia ipi. Mwenyeji akiuona kwa mbali ameshausoma. Lakini maofisa wa soko na polisi wengi hutoka bara kama mimi, yaani nje ya maeneo haya ya wafugaji, na sisi tunaona kovu tu. Ukame ukija mifugo huchanganyika visimani, ngamia wa huyu akaonekana katika zizi la yule, na pakitokea ugomvi anayeitwa kuamua ni ofisa asiyeweza kutofautisha kovu na kovu. Basi tukaamua kutengeneza mwongozo wa kusomwa kwenye simu: picha ya kila chapa, na chini yake jina la familia.

Picha zilipigwa na mwanamke wa makamo, mjane, aliyekulia upande wa Habaswein akichunga ngamia wa baba yake kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtoto wa kiume. Ofisini tulimwita abaayo, yaani dada, kwa heshima. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, p ikimtoka b kama Wasomali wengi, na alikuwa akianza kucheka kabla hajamaliza mzaha wake, hivi kwamba mizaha mingine hatukuisikia mwisho. Mimi aliniita mwalimu. Kwake yeye kila mtu wa bara aliyevaa miwani ni mwalimu mpaka athibitishe vinginevyo.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko yangu mara kumi. Wanaume wa visimani walimkatalia mwanzoni. Chapa wao huiita sumad, na walimwambia usoni kwamba mwanamke na sumad ni wapi na wapi. Alikuwa akisimama palepale juani, ananyoosha kidole na kusema ngamia huyu ni wa nani, baba yake huyo mwenye ngamia alikuwa nani, na kwa nini mstari wa pembeni umepindika. Wakanyamaza mmoja mmoja. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wakimpigia simu wenyewe awaamulie. Alikuwa na daftari la jalada gumu. Kila alipopiga picha aliichora chapa hiyo humo kwa kalamu, akaandika na jina. Picha, kisha mstari wa daftari. Picha, kisha mstari. Hakuwahi kuvuruga mpangilio huo hata siku moja, na nalisema hilo sasa kwa sababu sikulisema siku lilipohitajika.

Mwongozo wenyewe niliuandika kwa Markdown, ambayo ni maandishi matupu yenye alama chache ambazo kompyuta huzigeuza kuwa ukurasa nadhifu. Picha zinaweza kuwekwa humo kwa njia mbili. Unaweza kuandika anwani nzima ya picha katikati ya maneno yako, na ukurasa ukajaa anwani ndefu mpaka mwandishi mwenyewe hajui aya inaanzia wapi. Au unaweza kutumia njia ya marejeo: katikati ya maneno unaacha kitambulisho kifupi tu ndani ya mabano ya mraba, halafu chini kabisa ya faili unaweka orodha inayosema kitambulisho hiki ni picha ile. Msomaji haioni orodha hiyo kamwe. Anaona picha tu. Nilichagua njia ya pili, na nilijivunia usafi wake kama bwana arusi anavyojivunia koti la kuazima.

Orodha ilikuwa na mistari zaidi ya mia. Kuiandika kwa mkono, ukitazama kila picha na kila mchoro wa daftari, ni kazi ya kuumiza shingo. Nikaandika kisaidizi, yaani mistari michache ya kompyuta inayopewa kazi moja na kuifanya badala yako. Changu kilichukua picha zote, kikazipanga kwa saa zilipopigwa, kikachukua majina niliyoyachapa kutoka daftari la abaayo, kisha kikaoanisha: picha ya kwanza na jina la kwanza, ya pili na la pili, hadi mwisho. Sekunde mbili, orodha tayari. Nilimwita abaayo aje aone. Nilitaka kusifiwa.

"Haye," alisema, akiinamia kioo. "Na wewe umeangalia kila bicha?"

"Hakuna haja, abaayo. Zimehesabiwa. Picha na majina ni sawasawa."

Alicheka. "Mwalimu, sisi ngamia hatuhesabu. Mimi nikifika kwa zizi jioni najua nani hayuko. Yule sikio yake imekatwa, yule anabenda kutembea nyuma. Wewe ukihesabu hamsini, inaweza kuwa hamsini kweli, na moja ni ya jirani."

"Kompyuta haichanganyi majirani."

"Andika kila bicha na jina yake mwenyewe. Moja moja."

"Itachukua mwezi mzima."

"Basi chukua mwezi. Kwani tunakimbia wabi?"

Nilicheka naye, na sikuchukua mwezi. Kweli watu wa huku hawahesabu mifugo. Kumuuliza mtu ana ngamia wangapi ni kumkosea adabu, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa hivyo nilipofika. Niliichukulia kama mila tu, kitu cha kuheshimu na kusahau. Haikunipitia akilini kwamba ilikuwa namna ya kufanya kazi, na kwamba ilikuwa bora kuliko yangu.

Sasa kosa lenyewe. Siku moja kabla ya kuchapisha nilikuwa nasafisha picha. Nikaipata moja, katikati ya zile za Habaswein, ambayo kidole gumba cha abaayo kilikuwa kimeingia mbele ya kamera kikafunika nusu ya chapa. Nikasema hii haifai, nitamwomba aipige tena. Nikaifuta. Kisha mtu akaniita chai, nikaenda, na picha ile ikatoka kichwani mwangu moja kwa moja. Nilikiendesha tena kisaidizi changu alasiri hiyo, kikafanya kazi yake kwa uaminifu. Jina la ile picha lilikuwa bado lipo kwenye orodha ya majina. Kwa hiyo picha iliyofuata ikachukua jina lake, na iliyofuata hiyo ikachukua jina la mwenzake, kama darasa ambalo mwanafunzi mmoja ametoka na wote wa nyuma yake wakasogea dawati moja mbele, huku mwalimu akiita majina kwa kufuata madawati. Kuanzia pale hadi mwisho, kila familia ikawa imevalishwa chapa ya familia nyingine.

Jina la mwisho lilibaki bila picha. Kisaidizi kilichoandikwa na mtu mwenye akili kingesimama hapo na kupiga kelele. Changu nilikuwa nimekiambia kwamba picha ikikosekana kiweke kisanduku cha kijivu chenye maneno "Picha inaletwa", kwa sababu sikupenda maandishi mekundu ya makosa yatokee mkubwa wetu akiwa nyuma ya kiti changu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, ukawa mzuri. Nikafungua wa mwisho, nikaona kisanduku cha kijivu, nikadhani ni picha ambayo haijapigwa. Nikachapisha.

Tulipongezwa. Mkubwa wetu, mtu mpole wa kutoka Nairobi aliyependa mambo yaende bila makelele, alinisifu mbele ya wageni kwa ukurasa nadhifu. Abaayo naye alisifiwa kwa picha. Alijifunika mdomo kwa shela lake akacheka, na jioni alileta maziwa ya ngamia ofisini, kila mtu kikombe.

Wiki chache baadaye mfugaji mmoja kutoka upande wa Habaswein alileta ngamia jike wanne katika soko la mifugo mjini. Ofisa wa soko alikuwa mtu wa bara kama mimi. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua mwongozo wetu kwenye simu, akaiona chapa ile ile iliyokuwa pajani mwa wale ngamia, picha safi kabisa, na chini yake jina la familia nyingine, ambayo ilikuwa imetangaza kupoteza ngamia wakati wa ukame. Akafanya kile ambacho mwongozo ulimwambia afanye. Mfugaji aliwekwa katika chumba cha askari tangu asubuhi hadi alasiri. Ngamia wakafungiwa. Mbele ya watu waliomjua tangu anatahiriwa, aliitwa mwizi.

Alasiri wazee wa familia zote mbili walifika, wakatazama mapaja ya ngamia, wakasema kwa sauti moja kwamba ni wake. Akafunguliwa. Lakini hakuondoka. Alikaa kitako kwenye lango la soko, akasema jina lake limechafuliwa hapa na litasafishwa hapa hapa, na mtu aliyeandika kile kitu aje asimame mbele ya watu. Alilala papo hapo.

Tulipata habari asubuhi yake. Mkubwa wetu akaitisha mkutano saa nne. Saa tatu niliketi mbele ya kompyuta, na hadi saa tatu na robo nilikuwa nimeshaona kila kitu. Nililinganisha picha na michoro ya daftari, moja, mbili, tano, nikaona zinavyosogea, nikarudi nyuma mpaka nikafika mahali palipoanza kusogea, na pale nikakikumbuka kile kidole gumba. Nilitazama nyuma kama kuna mtu, na hapakuwa na mtu.

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Niliweka nafasi tupu palipokuwa na picha niliyoifuta, kila picha ikarudi kwa mwenyewe, nikapakia toleo jipya. Kilichobaki kilikuwa kusema. Nilikuwa na nusu saa nzima ya kutafuta maneno, na maneno yenyewe ni matatu: ni mimi nilikosea.

Sitasingizia mkataba wangu, ingawa ulikuwa karibu kuisha. Sitasingizia mama wala ada za ndugu zangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimesifiwa, na nilitaka kubaki mtu aliyesifiwa. Naona haya kuliandika hilo kuliko yote mengine, maana ni sababu ndogo mno.

Mkutanoni tulikuwa watatu tu, mkubwa wetu, abaayo na mimi. Mkubwa alisema kwamba mwalimu, yaani mimi, ameshaurekebisha mwongozo, akanishukuru. Akaniuliza tatizo lilikuwa nini.

"Kulikuwa na pengo katika mpangilio wa picha," nilisema. "Nimeliziba."

Pengo lilikuwepo kweli. Sikusema nani alilichimba.

Akamgeukia abaayo. "Picha ulizituma zote? Una hakika hukuruka hata moja?"

"Nilituma yote," alisema. "Kila bicha na mstari yake."

"Unazo bado kwenye simu, tuhakikishe?"

Hakuwa nazo. Simu yake ilikuwa ya kujaa haraka, na kila aliponitumia alizifuta apate nafasi ya nyingine. Ushahidi pekee ulikuwa kwangu, na nilikuwa nimeufuta kabla ya kwenda kunywa chai.

Mkubwa aliniangalia. "Kompyuta inaweza kuchanganya?"

"Kompyuta hufanya inachoambiwa," nikasema.

Ni sentensi ya kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Abaayo alinitazama. Ningependa kuandika kwamba alinishuku, ingekuwa afadhali kwangu. Hakunishuku hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayemsikiliza fundi. Alifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye kurasa za Habaswein polepole, akafunga.

"Basi labda ni mimi," alisema. "Ile siku jua ilikuwa kali sana, na wale wanaume walikuwa wanabiga kelele. Labda niliandika na sikubiga bicha. Wallahi sikumbuki hivyo, lakini labda."

Feni ilizunguka.

Mchana huo tulienda sokoni watatu. Watu walikuwa wengi, wanaume karibu wote, na vumbi la ngamia juu yao. Mfugaji alisimama alipotuona. Alikuwa mwembamba, kijana kuliko nilivyotarajia, fimbo mabegani na mikono imening'inia juu yake. Abaayo alisogea mbele, akaongea Kisomali kwa sauti yake kubwa, na nikasikia jinsi inavyokatika katikati na kuanza tena. Kisha akarudia kwa Kiswahili, ili ofisa wa soko naye asikie.

"Ni mimi nilikosea. Huyu mtu si mwizi. Hii ngamia ni yake, na baba yake, na baba ya baba yake. Mbele ya Mungu namwomba samahani."

Mtu mmoja katika umati akasema kitu, na wengine wakaangua kicheko. Sikuhitaji mkalimani. Neno sumad nililijua, na neno la mwanamke nililijua. Abaayo alivuta shela lake likafunika kidevu. Mwaka mzima wa kusimama juani ulikwisha pale, nikiwa hatua tatu nyuma yake, nimebeba mfuko wa kompyuta.

Mfugaji aliweka kiganja kifuani, akasema amesamehe kwa ajili ya Mungu. Kisha, kwa sababu mkubwa wetu alikuwa amemweleza nani amerekebisha mwongozo, alikuja hadi nilipo, akanipa mkono, akanishukuru kwa kusafisha jina lake. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu. Niliushika, nikasema karibu. Ndivyo nilivyosema, karibu.

Abaayo hakufukuzwa. Watu wapole hawafukuzi. Mwisho wa mwezi aliambiwa apumzike kidogo, na kazi yake akapewa mwanamume mmoja ambaye hakuwa na daftari. Nilikaa chini nikaandika kile kisaidizi upya, picha kwa jina lake, moja moja, nikilinganisha kila moja na mchoro wake. Nilichukua wiki tatu. Hata mwezi haukufika.

Yeye alifungua duka dogo katika mtaa wa Waberi, la madera na mashuka, na jokofu moja la maziwa ya ngamia. Nilipita mbali na mtaa huo kwa karibu miaka miwili. Garissa si mji mkubwa. Kumkwepa mtu kunataka bidii, na nilikuwa nayo. Kila nilipofungua ule mwongozo kazini niliwaona wale ngamia, na mkataba wangu ukaongezwa mara mbili, na kila mara nikatia sahihi.

Siku niliyoingia dukani kwake nilijiambia naenda kununua maziwa. Alifurahi mpaka nikajuta kuja. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza habari za mama, akanitania kwamba nimenenepa kama mtu asiye na madeni kwa Mungu. Tukiwa hapo aliingia mwanamume mzee kidogo akiwa na simu mkononi. Alisalimia, akamwonyesha picha. Ngamia jike alikuwa ameingia katika zizi lake tangu wiki iliyopita, na alitaka kujua ni wa nani ili amrudishe.

Abaayo aliitazama picha. Nilikuwa nimefanya naye kazi muda mrefu, nilizijua nyusi zake, na niliona jinsi zilivyotulia. Alijua. Alijua papo hapo, jina na ukoo na kisima. Akamrudishia simu.

"Mimi siku hizi sina macho ya hiyo kitu," alisema. "Uliza wengine."

"Lakini wewe ndiye—"

"Nilikosea siku moja mbele ya watu. Nikikosea tena, mtu mwingine atalala kwa askari. Nenda uulize wanaume."

Yule mtu akaondoka. Abaayo akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Kwa miaka miwili nilikuwa nikidhani nimemnyang'anya kazi. Kumbe kazi ilikuwa sehemu ndogo. Nilikuwa nimemfanya asiyaamini macho yake mwenyewe.

Nikamwambia. Yalitoka ovyo, kidole gumba kwanza, kisha kisaidizi, kisha madawati, na ilibidi nirudie mara mbili kwa sababu sikuwa nikieleweka. Nilipomaliza alikuwa amekaa juu ya furushi la mashuka, mikono magotini.

"Kwa hiyo mimi sikuruka," alisema.

"Hukuruka. Daftari lako lilikuwa sahihi. Picha zako zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu lote."

"Subhanallah." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Mimi nimelala nikiota ile kisima. Nahesabu bicha. Mimi, nahesabu!"

"Nisamehe, abaayo."

"Niambie kitu moja tu," alisema, akanitazama moja kwa moja. "Wewe ulijua lini? Kabla ya mkutano, au baada?"

Nilikuwa nimekuja kusema kweli. Nilikuwa nimeshasema karibu yote, na nilihisi nimekuwa mwepesi, karibu niwe mtu mzuri. Nikaona uso wake, nikaona kwamba jibu moja litaniacha na rafiki na jingine halitaniacha na kitu.

"Baada," nikasema. "Siku nyingi baada."

Alifumba macho. "Alhamdulillahi," alisema. "Kukosea si kitu, kila mtu anakosea. Lakini kama ulikuwa umekaa bale unajua, na unaniangalia tu, hiyo singeweza kusamehe. Wallahi singeweza."

Akainuka, akanipa maziwa, na hakutaka nilipie.

Aliniomba barua. Alisema maneno ya mdomo huenda na upepo, na kaka zake na wale wanaume wa sokoni wanaamini karatasi. Niliiandika siku iliyofuata, ofisini, kwa Kiswahili chepesi, nikatia sahihi na nakala nikampa mkubwa wetu, aliyeisoma akaguna akaiweka kwenye faili. Sikupewa adhabu yoyote. Niliandika kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba picha na daftari lake vilikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwamba muda mrefu baada ya yeye kuondoka kazini ndipo nilipogundua kuwa ni mimi niliyelifanya, nikaona ni wajibu wangu kulisema.

Ameitia barua hiyo ndani ya plastiki ngumu, ameitundika ukutani juu ya jokofu la maziwa. Wafugaji wameanza tena kumletea simu zao, naye huangalia, hucheka, husema ngamia ni wa nani. Siku zote nikipita hunizuia nisiende upesi. Humwita yeyote aliye dukani, humwonyesha barua, kisha hunionyesha mimi.

"Huyu ndiye mwalimu," husema. "Angenyamaza hakuna mtu angejua. Lakini yeye, siku ile ile aliyojua, alikuja akasema."

Wageni hao hunipa mkono, na mimi huupokea.